Buyenzi siku ya kura: Foleni ndefu husema nini?

Vituo vya kupigia kura nchini Burundi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura wenye Waislamu wengi, siku huanza mapema zaidi ya hapo. Swala ya alfajiri huwa imekwisha, na wanaotoka msikitini huweza kwenda moja kwa moja kupanga mstari mbele ya shule iliyogeuzwa kituo cha kura.

Mstari wa namna hiyo umeonekana mara nyingi katika historia ya nchi hiyo, na kila mara takwimu rasmi zimeueleza kwa neno moja: kujitokeza. Mwaka 1993, zaidi ya asilimia 97 ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza tena kiwango kinachozidi asilimia 90. Hata hivyo, tarakimu hizo mbili zinazokaribiana hazisimulii habari moja. Katika tukio la kwanza watu walikwenda kuchagua kati ya watu waliokuwa na nafasi ya kushinda au kushindwa. Katika la pili, kubaki nyumbani kulikuwa na gharama yake.

Je, hamasa ya mpigakura hupimwaje? Historia ya Buyenzi inasaidia kulijibu swali hilo.

Mtaa wa Waswahili

Buyenzi iko kusini mwa mto Ntahangwa, katikati ya jiji. Barabara zake hujulikana kwa nambari, na mwenyeji akiulizwa anakoishi hutaja nambari ya barabara kabla ya kitu kingine chochote. Ni mtaa wa magereji, vipuri, mafundi wa kila aina, misikiti na soko la Ruvumera, ambalo umuhimu wake uliongezeka baada ya soko kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto Januari 2013.

Wazee wa wakazi wake wa kwanza walitoka pande nyingi: Ujiji na pwani ya Tanganyika, Manyema na maeneo mengine ya Kongo, pamoja na milima ya Burundi yenyewe. Kilichowaunganisha kilikuwa biashara, Uislamu na lugha ya Kiswahili. Katika zama za Wabelgiji, jiji lilipoitwa Usumbura, Buyenzi na jirani yake Bwiza, uliokuwa ukiitwa Belge, iliwekwa chini ya utawala uliotengwa na ule wa machifu. Mkazi wake alihesabiwa kuwa mtu wa mjini, nje ya mila za kilimani.

Asili hiyo ilizaa swali ambalo halikuisha na ukoloni: je, Mswahili wa Buyenzi ni Mrundi kamili? Kwa familia ambayo babu alizaliwa Kongo na bibi Kigoma, kadi ya mpigakura haikuwa ruhusa ya kuchagua tu. Kadi hiyo hupewa raia peke yake. Jirani wa mlango wa pili, mkimbizi kutoka Kivu anayezungumza Kiswahili kilekile na kununua mkate katika duka lilelile, hana haki ya kuingia katika mstari huo. Kwa hiyo, kusimama katika foleni ya kura ni njia mojawapo ya mkazi wa Buyenzi kuonekana hadharani kwamba yeye ni wa nchi hii.

Septemba 1961: Kura ya mwana wa mfalme

Jambo hilo lilidhihirika kabla ya uhuru. Louis Rwagasore, mwana wa Mfalme Mwambutsa wa Nne, alipoanza harakati za kisiasa mwishoni mwa miaka ya 1950, alijenga sehemu ya nguvu zake miongoni mwa wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura. Alishughulika na vyama vya ushirika vya wafanyabiashara Waafrika, na Waswahili wa jijini wakawa miongoni mwa waliokiunga mkono mapema chama chake cha UPRONA. Watawala wa Kibelgiji hawakumpenda, na wakati wa uchaguzi wa mabaraza ya komuni wa Novemba 1960 walimweka kizuizini.

Tarehe 18 Septemba 1961, uchaguzi wa bunge ulifanyika chini ya macho ya Umoja wa Mataifa. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Kwa wakazi wa Buyenzi, matokeo hayo yalikuwa na maana ya ziada: chama kilichowakubali kama wenzao ndicho kilichoshinda.

Furaha haikudumu hata mwezi mmoja. Tarehe 13 Oktoba 1961, Rwagasore, akiwa tayari waziri mkuu, alipigwa risasi na kuuawa akiwa katika hoteli kando ya Ziwa Tanganyika. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Uchaguzi wa vyama vingi ulirudiwa mwaka 1965, kisha nchi ikaingia katika utawala wa chama kimoja na wa kijeshi. Kwa karibu miaka 30 Warundi walipoitwa kupiga kura, hawakuitwa kuamua nani atawale. Mwaka 1984, Jean-Baptiste Bagaza aligombea urais peke yake na kutangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99.

Juni 1993: Siku za Idi

Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katiba ya Machi 1992 iliruhusu tena vyama vingi, na uchaguzi wa rais ukapangwa tarehe 1 Juni 1993. Siku hiyo iliangukia ndani ya siku za Idi Kubwa, Waislamu wanapochinja na kutembeleana.

Wagombea walikuwa watatu: Meja Pierre Buyoya, rais aliyekuwa madarakani kwa tiketi ya UPRONA, Melchior Ndadaye wa FRODEBU, na Pierre-Claver Sendegeya wa PRP. Zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wamejiandikisha, na mistari ilianza kutengenezeka kabla jua halijachomoza. Upigaji kura ulikwenda kwa utulivu.

Ndadaye alipata takriban asilimia 65 ya kura, na Buyoya takriban asilimia 33. Lililowashangaza wengi ni lililofuata: rais aliyeshindwa alikubali matokeo. Tarehe 29 Juni FRODEBU ilishinda viti 65 kati ya 81 vya bunge, na tarehe 10 Julai Ndadaye akaapishwa. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Warundi waliona karatasi ndogo ikimwondoa mtu ikulu bila risasi kulia.

Hiyo ndiyo hamasa kwa maana yake kamili. Mpigakura hakujua matokeo kabla ya kwenda kituoni. Alikuwa na watu wa kuchagua, na alichokichagua kilitimizwa.

Kilitimizwa kwa siku 103 tu. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi waliivamia ikulu, na Ndadaye akauawa. Mauaji ya kikabila yalifuata, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo inakadiriwa viliua watu wapatao 300,000. Bujumbura iligawanyika mtaa kwa mtaa: Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Ngagara na Musaga za Watutsi. Buyenzi na Bwiza zilibaki kwa muda miongoni mwa mitaa ya mwisho ambako watu wa makabila yote waliendelea kuishi pamoja. Machi 1995 mitaa hiyo nayo ilishambuliwa. Watu wengi waliuawa, na maelfu walikimbilia ng'ambo ya mpaka, upande wa Uvira.

Waliosimama katika mstari wa Juni 1993 walikuwa na sababu ya kujiuliza kama wino ule uliwaletea kheri au balaa.

2005: Kurudi katika mstari

Ndiyo maana mwaka 2005 unastahili kutazamwa kwa makini. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulikuwa umeweka msingi wa kugawana madaraka, na mwezi Novemba 2003 serikali ya mpito ilifikia makubaliano na kundi kubwa la waasi, CNDD-FDD. Tarehe 28 Februari 2005 Warundi waliitwa kuipigia kura ya maoni katiba mpya. Zaidi ya asilimia 90 walijitokeza, na idadi kama hiyo kati yao wakasema ndiyo.

Uchaguzi wa komuni ulifuata tarehe 3 Juni 2005, siku ya Ijumaa, na wa wabunge tarehe 4 Julai. Baadhi ya vituo vya Bujumbura na viunga vyake vilikumbwa na milio ya risasi katika duru ile ya kwanza, lakini zoezi halikuvunjika. CNDD-FDD ilishinda, na Pierre Nkurunziza akachaguliwa rais na bunge mwezi Agosti.

Mtu aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1993, umri wa chini wa kupiga kura, alikuwa na miaka 30 aliporudi mbele ya sanduku. Katikati alikuwa amezika ndugu, labda amelala katika kambi Kongo au Tanzania, na amejifunza kwamba ushindi wa kura unaweza kufutwa kwa bunduki. Kurudi kwake katika mstari hakukutokana na kutojua hatari. Alirudi akiijua.

Katiba ya 2005 iliweka pia mgawanyo wa kikabila: viti vya bunge vigawanywe kwa asilimia 60 za Wahutu na 40 za Watutsi, asilimia 30 angalau wawe wanawake, na Watwa waongezewe viti vitatu. Mpango huo ulizipa pande zilizopigana uhakika wa kuishi pamoja. Lakini hauna safu ya Waswahili. Mkazi wa Buyenzi anayetaka kuingia bungeni huingia akihesabiwa katika mojawapo ya makundi hayo, hata kama nyumbani kwake mambo hayo hayaulizwi.

Nini hutokea ndani ya kituo?

Kwa anayeingia, mambo hayachukui muda mrefu. Jina hutafutwa katika daftari la wapigakura, kadi na kitambulisho hulinganishwa, kisha mpigakura hupewa karatasi na kuelekezwa mahali pa faragha. Akimaliza hutumbukiza kura yake, na kidole chake huchovywa katika wino usiofutika ili asirudi mara ya pili. Mawakala wa vyama hukaa pembeni wakiangalia kila hatua.

Utaratibu wa karatasi wenyewe una somo. Katika chaguzi za 2005 na 2010, mpigakura hakupewa karatasi moja yenye majina yote. Alipewa karatasi nyingi, moja kwa kila orodha ya wagombea. Aliyoichagua aliitia katika bahasha na kuipeleka kwenye sanduku la kura. Zilizobaki alitakiwa kuzitumbukiza katika sanduku la pili, lililokusudiwa kura zilizokataliwa.

Sanduku hilo la pili lililinda siri ya kura. Iwapo mpigakura angetoka na karatasi zilizobaki, mtu aliyemhonga au kumtisha angeweza kumdai azioneshe nje: karatasi isiyoonekana ndiyo aliyoipigia. Hivyo siri ingevunjwa bila yeyote kuchungulia ndani.

Saa kumi jioni milango hufungwa, na walio ndani ya mstari humaliziwa. Kura huhesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala. Jua huzama Bujumbura baada ya saa mbili tu, na mara nyingi kazi huendelea kwa mwanga wa taa. Hatua hii huonekana ndogo, lakini wengi huiona kuwa kinga kubwa kuliko zote: hesabu iliyofanywa mbele ya mashuhuda kituoni ni ngumu kubadilishwa kuliko iliyofanywa mbali.

Wanapobaki nyumbani

Kama kujitokeza ni kauli, kutojitokeza nako ni kauli. Mwaka 2010 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya uchaguzi wa komuni wa Mei, vikidai wizi wa kura, na Nkurunziza akagombea urais peke yake mwezi Juni.

Mwaka 2015 uamuzi wake wa kugombea muhula wa tatu ulizua maandamano Bujumbura kuanzia tarehe 26 Aprili. Jaribio la mapinduzi la mwezi Mei lilishindwa, na zaidi ya watu 100,000 walikimbia nchi kabla ya siku ya kura. Uchaguzi wa rais ulifanyika tarehe 21 Julai. Takwimu za tume zilionesha kwamba waliojitokeza nchi nzima walikuwa kiasi cha asilimia 73, lakini katika jiji la Bujumbura walikuwa kiasi cha asilimia 30 tu. Watu wa jiji hawakuhitaji kuandika waraka wa malalamiko. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili lilitosha.

Kura ya maoni ya tarehe 17 Mei 2018, iliyobadilisha katiba na kurefusha muhula wa rais kutoka miaka mitano hadi saba, ilikuja na amri mpya: aliyewashauri watu wasipige kura aliweza kufungwa kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba katika baadhi ya maeneo watu walidaiwa stakabadhi ya kujiandikisha kabla ya kuruhusiwa kuingia sokoni au kupata huduma. Katika hali hiyo, kujitokeza kwa asilimia 90 na zaidi kunaonesha kwamba watu walifika kituoni. Hakuoneshi kilichowaleta.

Lazima ya sheria na lazima ya hofu

Baadhi ya wasikilizaji wanaweza kuuliza: je, si nchi nyingine pia huwalazimisha raia wao kupiga kura? Mfano wa karibu kwa familia nyingi zilizotoka Burundi na Kongo ni Australia, ambako wengine wamepata makazi na uraia. Huko sheria imewataka raia kupiga kura tangu 1924, asiyepiga bila sababu hutozwa faini, na kiwango cha kujitokeza hukaribia asilimia 90.

Tofauti iko katika mambo matatu. Kwanza, adhabu imeandikwa, ni ndogo, na hutolewa kwa barua. Haisimami sokoni na fimbo. Pili, raia aliyefika kituoni yuko huru kutoipa kura pande zote, na hakuna atakayejua. Tatu, serikali iliyoitisha uchaguzi inaweza kushindwa na kuondoka, kama ilivyotokea mwaka 2022. Lazima ya namna hiyo humfikisha mtu mlangoni, kisha humwacha peke yake na kalamu yake.

2020 na 2025

Tarehe 20 Mei 2020 Warundi walimchagua rais, wabunge na madiwani kwa siku moja, katikati ya janga la korona. Mikutano ya kampeni ilijaa watu, na ushindani kati ya Évariste Ndayishimiye wa CNDD-FDD na Agathon Rwasa wa CNL ulikuwa wa kweli machoni pa wengi. Siku ya kura mitandao ya kijamii ilizimwa. Tume ilimtangaza Ndayishimiye mshindi kwa zaidi ya asilimia 68, Rwasa akiwa na takriban 24, na waliojitokeza wakiwa kiasi cha asilimia 87. Baraza la Maaskofu Katoliki, lililokuwa na waangalizi zaidi ya 2,700, lilieleza wasiwasi wake kuhusu mwenendo wa zoezi.

Uchaguzi wa wabunge na madiwani wa tarehe 5 Juni 2025 uliangukia tena katika majira ya Idi Kubwa. Alhamisi hiyo mahujaji walikuwa wamesimama Arafa, siku ambayo Waislamu wengi wasio Makka hufunga. Mwezi uleule wa Hijria uliokuwa umeshuhudia kura ya 1993 ulikuwa umezunguka na kurudi mahali pake.

Yaliyobadilika ni mengi. Rwasa alikuwa ameondolewa katika uongozi wa CNL mwaka uliotangulia na hakuwa mgombea. Nchi ilikuwa imechoshwa na uhaba wa mafuta, jambo linalougusa moja kwa moja mtaa wa magereji na madereva kama Buyenzi. Tume ilipotangaza matokeo, CNDD-FDD ilikuwa na asilimia 96.51 za kura na viti vyote 100 vilivyogombewa. Vyama vya upinzani vilidai kuwepo kwa udanganyifu na vitisho. Tume na chama tawala vilisema uchaguzi ulikwenda vizuri.

Mwaka 1993 chama kilichoshinda kilipata viti 65 kati ya 81, na aliyeshindwa akabaki na 16 na sauti bungeni. Mwaka 2025 walioshindwa hawakubaki na kiti hata kimoja cha kugombewa.

Namna ya kuisoma foleni

Kwa hiyo, taarifa zitakapoonesha tena picha ya mstari mrefu mbele ya shule ya Buyenzi, msikilizaji anaweza kuuliza maswali manne kabla ya kuuita hamasa.

Je, katika orodha kuna zaidi ya mmoja anayeweza kushinda? Je, aliyebaki nyumbani atalala salama, na kesho atauza bidhaa zake Ruvumera bila kudaiwa stakabadhi? Je, kura zilihesabiwa mbele ya mawakala wa pande zote? Na je, aliyeshindwa ataondoka, na aliyeshinda ataachwa atawale?

Juni 1993, majibu ya maswali yote yalikuwa ndiyo, hadi la mwisho lilipogeuzwa kwa bunduki mwezi Oktoba. Tangu hapo, hakuna uchaguzi Burundi uliopata ndiyo nne bila ubishi. Hata hivyo watu wa Buyenzi wameendelea kujiandikisha, kwa sababu wengine wana matumaini, wengine wana hofu, na wengine wanataka jina lao lionekane katika daftari la nchi ambayo mara kwa mara imewauliza wametoka wapi.

Uchaguzi wa rais unatarajiwa mwaka 2027. Mtoto aliyezaliwa Buyenzi mwaka 2009 atakuwa na umri wa kupiga kura. Hajaiona 1993 na hakuiona 2005. Wazee wake wanaweza kumsimulia jinsi mstari ule ulivyokuwa, na yeye ndiye atakayesimama katika unaofuata.